Mguu Uliovunjika Kinole, Foleni Iliyoko Muhimbili

Watu wakizungumzia foleni ya upasuaji wa mifupa nchini, macho yote huenda Upanga, Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Tiba ya Mifupa, Ubongo na Mishipa ya Fahamu Muhimbili, ambayo wengi tunaijua kwa jina fupi la MOI. Si ajabu. Taasisi hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ndiyo ngome ya mifupa Tanzania: ndiko nyonga na magoti hubadilishwa, uti wa mgongo hurekebishwa, na mivunjiko iliyowashinda wengine hupelekwa. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba mgonjwa wa nyonga amepewa tarehe ya mbali, wazo la kwanza linalomjia ni lilelile: waongezwe madaktari bingwa Muhimbili, lijengwe jengo jingine, viongezwe vyumba vya upasuaji. Nadhani wazo hilo linashika foleni mahali pasipo. Lori la kabichi likikwama kwenye kona za Mgeta, halifiki sokoni kwa kupanua soko la Kariakoo. Sehemu kubwa ya foleni ya mifupa huanzia kwenye miteremko ya Uluguru na kwenye barabara kuu inayopita Mikese na Msamvu, na hurefuka kila inapopita hospitali ambayo ingeweza kummaliza mgonjwa lakini ikampitisha kwenda mbele. Anayetaka mzee wa nyonga apasuliwe mapema Dar es Salaam, hana budi kuanza na kijana wa bodaboda aliyevunjika paja Morogoro.

Mkoa wa Morogoro hauna uhaba wa vitu vinavyovunja mifupa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,197,104, waliotawanyika kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 70,000. Barabara kuu kutoka Dar es Salaam hufika mjini na kugawanyika, tawi moja likishika njia ya Dodoma na jingine likielekea Mikumi, Iringa na Zambia. Malori, mabasi na pikipiki hugombea lami hiyohiyo usiku na mchana. Tangu pikipiki ziruhusiwe kisheria kubeba abiria, kanuni zake zikitoka mwaka 2010, kijana mwenye paja au muundi uliovunjika amekuwa mgonjwa wa kawaida kabisa katika wodi za mifupa. Juu milimani ajali zina sura nyingine. Mashamba ya Waluguru yako kwenye miteremko mikali, na wakati wa masika mtu anayeshuka na tenga la ndizi kichwani akiteleza hana pa kushika. Wachuma karafuu wa upande wa Kinole na Matombo hupanda miti mirefu. Msimu wa maembe ukifika, watoto huanguka na kuvunja mkono juu kidogo ya kiwiko, na madaktari wa mifupa wanaijua kalenda hiyo kuliko wakulima. Mlipuko wa lori la mafuta pale Msamvu tarehe 10 Agosti 2019, ulioua watu zaidi ya 100, uliifanya nchi nzima iitazame Morogoro, na majeruhi wengi wakapelekwa Muhimbili. Waliovunjika hawaji kwa namna hiyo. Huja mmojammoja, leo wawili, keshokutwa watatu, na jumla yao ya mwaka haipati kichwa cha habari.

Tumtazame mgonjwa wa kawaida kabisa: mtu mzima, mfupa wa paja umevunjika katikati, ngozi haijachanika. Kama ajali imempata juu mlimani, huteremshwa kwa machela mpaka barabara inapopitika, kisha mara nyingi hupandishwa kwenye pikipiki, akakaa katikati ya dereva na ndugu anayemshikilia kwa nyuma, mguu umefungwa vijiti na kanga. Akifika hospitali isiyo na uwezo wa kumtengeneza kwa chuma, hutiwa kwenye mvuto. Sindano nene ya chuma hupitishwa kwenye mfupa chini ya goti, kamba ikafungwa, ikapitishwa kwenye kapi lililoko miguuni pa kitanda, na upande wa pili ukatundikwa mzigo: mfuko wa mchanga, kidumu cha maji, chochote chenye uzito uliopimwa. Kitanda huinuliwa kwa matofali upande wa miguu ili mgonjwa asiburutwe na mzigo wake mwenyewe. Hapo hulala chali wiki sita hadi kumi na mbili, akila, akioga na kujisaidia papo hapo, huku ndugu mmoja akilala chini ya kitanda au kwenye veranda. Tiba hii si ya kudharauliwa. Imewaponya wengi na kwa watoto wadogo bado ina nafasi yake. Lakini kwa mtu mzima ina gharama moja ambayo haiandikwi kwenye risiti yoyote, nayo ni kitanda.

Hesabu yake ni nyepesi. Kitanda kimoja kikikaliwa wiki nane na kila mgonjwa wa paja, kwa mwaka kitahudumia wagonjwa sita, pengine saba. Mgonjwa huyohuyo akiwekewa chuma ndani ya mfupa siku chache baada ya kufika na akaruhusiwa baada ya siku kumi, kitanda hicho kitahudumia 36. Hapa ndipo foleni ya mifupa inapotofautiana na foleni ya benki. Anayesubiri benki hachukui nafasi ya karani. Anayesubiri chuma kwenye mvuto anakalia kitanda ambacho kingempokea anayepaswa kupasuliwa leo. Kadiri wanaosubiri wanavyoongezeka, ndivyo uwezo wa kuwahudumia unavyopungua. Hospitali inaweza kuwa na daktari mzuri, muuguzi mzuri na chumba cha upasuaji kitupu siku ya Alhamisi, na bado isimpokee mgonjwa mpya kwa sababu wodi imejaa watu wanaosubiri Alhamisi hiyohiyo.

Na muda haukai kimya ndani ya mguu. Baada ya wiki mbili tatu mwili huanza kujenga mfupa mpya wa kuunganisha, ukiunganisha vipande jinsi ulivyovikuta, hata kama vimepandana. Misuli ya paja, ambayo ina nguvu kuliko misuli mingine mingi, hujikunja na kuufupisha mguu. Upasuaji ambao katika siku za mwanzo ungekuwa wa kurudisha mfupa mahali pake na kupitisha chuma, sasa unakuwa kazi ya kufungua nyama, kubandua mfupa uliokwisha kuunga vibaya, kuuvuta na kuunyoosha upya. Damu zaidi hutoka, saa zaidi hutumika, hatari ya vijidudu huongezeka. Chumba cha upasuaji ambacho kwa siku kingehudumia wagonjwa wanne wapya huhudumia wawili wa zamani. Kwa mfupa uliotoboa ngozi mambo ni mabaya zaidi: bila dawa ya kuua bakteria katika saa za kwanza na bila kidonda kusafishwa vizuri chini ya usingizi, mfupa huoza, na mgonjwa aliyehitaji upasuaji mmoja hurudi mara tatu, nne, miaka mingi. Kila anayerudi anakaa kwenye nafasi ya mwingine. Ndiyo maana nasema foleni hii inajilisha yenyewe, na kuiongezea vyumba mwishoni bila kuikata mwanzoni ni kuilisha zaidi.

Pengine msomaji atauliza haya yanahusiana vipi na kubadilisha nyonga na magoti. Yanahusiana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba ni mabingwa walewale, vyumba vilevile na wataalamu wa usingizi walewale. Asubuhi iliyopangwa kwa mzee wa nyonga hupokonywa na majeruhi aliyeletwa usiku, na hakuna daktari mwenye akili timamu atakayemwacha majeruhi. Ya pili haisemwi sana: hospitali ya kwanza ikichelewa, inamzalisha mgonjwa wa nyonga wa kesho. Mfano ulio wazi ni nyonga iliyochomoka. Abiria wa kiti cha mbele gari linapogonga, goti lake hupiga dashibodi na kichwa cha mfupa wa paja hutoka kwenye kikombe chake. Kukirudisha hakuhitaji kisu. Kunahitaji dawa ya usingizi, meza au sakafu imara, na watu wawili wanaojua pa kushika na pa kuvuta. Lakini kinatakiwa kurudi katika saa chache, sita hivi, kwa sababu mishipa inayolisha kichwa hicho imepindwa, na kichwa kisipopata damu hufa. Mgonjwa anayefungwa bandeji na kuandikiwa rufaa hadi mji mwingine, akafika kesho yake jioni, amekwisha kuingizwa kwenye orodha ya wanaohitaji nyonga ya bandia, ila yeye na daktari wake watalijua hilo baada ya mwaka au miwili. Shingo ya mfupa wa paja kwa kijana ina habari ileile: skrubu zilizowahi huokoa nyonga, zilizochelewa mara nyingi hufunga mfupa uliokwisha kufa.

Si kila anayehitaji nyonga amefikishwa hapo na ajali, bila shaka. Tanzania huzaliwa takriban watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na ugonjwa huo ukiziba mishipa midogo huua kichwa cha mfupa wa paja kwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Wazee wa milimani husagika magoti kwa miaka ya kupanda na kushuka na mizigo. Kwa hao upasuaji alioukamilisha John Charnley kule Wrightington, Uingereza, mwaka 1962 unabaki kuwa mmoja wa uvumbuzi wenye kurudisha utu, ingawa kwa mkulima wa Tchenzema una masharti magumu: mwenye nyonga ya bandia huonywa asichuchumae chini kabisa, na choo chake pamoja na jembe lake vyote vinadai achuchumae au ainame. Hao ndio wanaostahili saa za mabingwa wa Muhimbili. Wanazikosa kwa sababu saa hizo zimekwenda kwenye mapaja ambayo yangemalizwa mkoani.

Je, yanaweza kumalizwa mkoani? Pingamizi la kwanza huwa la vifaa. Inasemwa kwamba kupitisha msumari ndani ya mfupa kunahitaji mashine ya eksirei inayoonyesha picha hai wakati wa upasuaji, nayo ni ghali na huharibika. Zamani hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Mwaka 1999 daktari wa Marekani, Lewis Zirkle, aliyekuwa ameona vita vya Vietnam, alianzisha huko Richland, jimbo la Washington, shirika la SIGN, linalotengeneza msumari usiohitaji mashine hiyo. Msumari hufungwa kwenye fremu yenye mkono wa kulengea nje ya mguu. Daktari hutoboa mfupa kwa kufuata mkono huo, kisha hutumia kifaa chembamba kuhakikisha amelipata tundu la msumari ndani. Hospitali inayoshiriki hutumiwa misumari kwa ajili ya wagonjwa wasio na uwezo, nayo hupeleka picha za eksirei na taarifa za kila mgonjwa, na hesabu hiyo ndiyo inayoleta misumari mingine. MOI imeitumia kwa miaka mingi. Hapohapo MOI ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida kubwa la upasuaji wa mifupa la Marekani: wagonjwa 240 wenye mfupa wa muundi uliotoboa ngozi waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakawekewa msumari ndani, wengine vyuma vya nje ambavyo mitaani huitwa antena. Baada ya mwaka mmoja, maambukizi na upasuaji wa kurudia havikutofautiana kwa kiasi cha kutangaza mshindi, ingawa waliowekewa msumari mifupa yao iliunga ikiwa imenyooka zaidi. Nalisoma jibu hilo hivi: hospitali isiyo na msumari lakini yenye antena, maji safi, dawa na mikono inayojua kusafisha kidonda mapema, haina sababu ya kumsafirisha mgonjwa huyo usiku.

Pingamizi la pili ni la watu. Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilipendekeza mwaka 2015 kwamba kila watu 100,000 wapate walau upasuaji 5,000 kwa mwaka, na wawe na wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi. Kwa wakazi wa mkoa wa Morogoro hiyo ni kama oparesheni 160,000 kwa mwaka na wataalamu 640. Namba hizo zinaweza kumkatisha tamaa katibu tawala yeyote. Tume hiyohiyo, hata hivyo, ilitaja oparesheni tatu ambazo hospitali ya wilaya ikiziweza, basi inaweza karibu zote za lazima: kumtoa mtoto kwa upasuaji, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliotoboa ngozi. Ya kwanza Tanzania imeifanyia kazi kweli. Tulikataa kusubiri mpaka kila wilaya ipate bingwa wa uzazi. Madaktari wasaidizi, kada ya AMO ambayo kwa miaka mingi ilikuwa uti wa mgongo wa hospitali za wilaya, walifundishwa kupasua wajawazito, na utafiti wa mikoa ya Mwanza na Kigoma uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa matokeo yao hayakuwa mabaya kuliko ya madaktari wenye shahada. Ifakara ilikuwa mojawapo ya vituo vya kuwafundisha. Malawi ilifanya vivyo hivyo kwa mifupa: tangu miaka ya 1980 imefundisha maofisa tabibu wa mifupa wanaofunga hogo, wanaoweka mvuto, wanaosafisha vidonda na kujua nani apelekwe mbele. Sipendekezi ofisa tabibu abadilishe nyonga. Napendekeza arudishe nyonga iliyochomoka kabla jua halijazama.

Kuna wanaosema haya yote yamepitwa na wakati, kwa kuwa treni ya mwendokasi ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 na safari sasa haifiki saa mbili. Kwa mgonjwa wa goti anayekwenda kliniki, treni hiyo ni neema kubwa, naye hutembea mwenyewe hadi kwenye kiti. Kwa aliyevunjika paja haibadilishi mengi. Sehemu ngumu ya safari yake ni ile ya Kolero au Bunduki hadi mjini, halafu ni ile ya mlango wa hospitali ya mwisho hadi meza ya upasuaji. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020 katika Lancet Global Health, uliohusu wagonjwa zaidi ya 30,000 wenye mivunjiko katika nchi 18 za kipato cha chini na cha kati, ulikuta kwamba sababu kuu ya kuchelewa kulazwa ilikuwa rufaa yenyewe, yaani kutoka kituo hadi kituo. Kila kituo hufungua faili, hupiga eksirei yake, hufunga mguu upya na kutafuta gari. Rufaa inaonekana kama msaada, na mara nyingi ndivyo ilivyo, lakini kwa mifupa ya kawaida ni jina jingine la kusubiri.

Tukija ndani ya hospitali ya mkoa, tunakutana na kizuizi ambacho hakiondoki kwa hotuba: meza ya upasuaji. Meza inayotumika kwa mifupa ndiyo inayotumika kwa mama mwenye uchungu uliokwama, naye hutangulia, na itakuwa hivyo daima. Mgonjwa wa paja aliyezuiwa kula tangu usiku huambiwa saa tisa alasiri kwamba leo haiwezekani, apewe uji. Kesho tena. Nchi zilizofanikiwa kupunguza foleni zilianzia kwenye kero hii hii. Mwaka 2004 hospitali kadhaa za kusini-magharibi mwa London zilikusanya nyonga na magoti yao yote kwenye kituo kimoja cha pamoja pale Epsom, mahali ambapo dharura haziingii, hivyo aliyepangiwa Jumatatu hupasuliwa Jumatatu. Jimbo la Alberta, Kanada, lilijaribu kuanzia mwaka 2005 kuweka mlango mmoja wa kupokea wagonjwa wote wa nyonga na goti badala ya kila daktari kuwa na daftari lake, na kusubiri kwa miezi kukageuka kuwa kwa wiki. Hatuna haja ya kuiga majengo yao. Kinachoigika ni kanuni: meza ya pili, hata iwe kwenye chumba kidogo, yenye siku mbili au tatu za wiki ambazo ni za mifupa tu. Vituo vya afya vilivyokarabatiwa tangu mwaka 2017 ili viweze kupasua wajawazito vimekwisha kuihamishia kazi hiyo karibu na kina mama. Nafasi inayobaki wazi mkoani isiachwe imezwe kimyakimya na shughuli nyingine.

Meza ikipatikana, inabaki foleni ya pesa, ambayo haimo kwenye daftari lolote la kliniki. Tangu uchangiaji wa gharama uanze mwaka 1993, mgonjwa wa mifupa amekuwa mgonjwa wa bei mbaya, maana dawa hununuliwa kwa vidonge lakini chuma hununuliwa kizima. Familia huandikiwa orodha, ndugu hurudi kijijini kuuza mbuzi au kukopa kwa dhamana ya mavuno, na siku zinazopita hapo huhesabiwa kama uamuzi wa mgonjwa. Wasioweza hupelekwa kwa afisa ustawi wa jamii kuomba msamaha, na msamaha unaweza kufuta bili lakini hauwezi kuleta chuma ambacho stoo haina. Aliyeumia barabarani ana fomu ya polisi, PF3, ya kushughulikia, ingawa mtu wa dharura anapaswa kutibiwa kwanza na fomu ikafuata. Na bima ya lazima ya mtu wa tatu, ambayo kwa haki ndiyo ingelipa, hulipa baada ya miezi ya polisi na mahakama, wakati chuma kinatakiwa wiki hii. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (CHF), kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, uliwafungulia wengi mlango wa hospitali bila kuahidi kilichoko ndani ya stoo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ni nafasi ya kurekebisha hili, kwa sharti kwamba kitita cha msingi kitaje vyuma vya mifupa kwa jina na kwamba vikae hospitalini kabla ya mgonjwa kuvunjika. Atakayesema mfuko hautabeba gharama hiyo arudi kwenye hesabu ya kitanda: wiki nane za chakula, dawa, mashuka, na ndugu aliyeacha shamba msimu wa kupanda, dhidi ya kipande kimoja cha chuma.

Hapa niseme neno kuhusu waunga mifupa wa kienyeji, maana wataalamu wengi huwalaumu kwa haraka. Ni kweli kwamba vijiti vilivyokazwa kupita kiasi vimeua mikono ya watoto, na kwamba wengine hufika hospitali wakiwa wamechelewa mno. Lakini mgonjwa wa Kinole anapokwenda kwa fundi wa mifupa anakwenda mahali ambapo atahudumiwa siku hiyohiyo, kwa malipo yanayojadilika, karibu na jiko la nyumbani. Watu wanalinganisha huduma kama wanavyolinganisha bei sokoni. Akisikia kwamba jirani yake alilazwa wiki tano akisubiri chuma, uamuzi wake si ujinga. Kampeni ya kumkataza haitafika mbali. Kuifupisha foleni kutafanya kazi hiyo, hasa ikiwa fundi huyo atafundishwa dalili tatu nne za kumpeleka mtu hospitali bila kumgusa: vidole vya baridi, ngozi iliyotobolewa, kiungo kilichochomoka.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko mengine ni la usalama. Chuma kilichowekwa kwenye chumba kichafu ni balaa kubwa kuliko mvuto, kwa sababu vijidudu vikishaketi juu ya chuma haviondoki kwa dawa. Daktari wa mifupa anayesema afadhali mgonjwa asubiri kuliko apasuliwe mahali ambapo mtambo wa kutakasia vifaa ni mbovu, anasema kweli. Ndiyo maana sidai kila hospitali ya wilaya ianze kesho, wala sitaki nyonga za bandia zibadilishwe mjini Morogoro ili tu mkoa ujisifu. Nyonga zinataka timu inayozifanya kila wiki, na wingi wa mazoezi ndio ulinzi wa mgonjwa. Mkoa mkubwa kama huu unahitaji sehemu mbili tu za kupigilia misumari, mjini na upande wa Ifakara, ambako Hospitali ya Mtakatifu Fransisko imekuwa ikihudumia bonde la Kilombero kwa vizazi. Kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia, zilizoanza kuzunguka halmashauri mwaka 2024, zingefaa zaidi kama bingwa wa mifupa angerudi palepale kila mwezi, akapasua pamoja na daktari wa pale, akamwacha apasue huku yeye akishika ndoano. Kambi inayomaliza orodha na kuondoka huacha orodha mpya ikianza siku inayofuata.

Mwisho kuna suala la kuhesabu, na hapa sina subira, kwa kuwa ndilo la bei ndogo kuliko yote na ndilo lisilofanyika. Malawi, nchi maskini kuliko yetu, imekuwa na daftari la kitaifa la kila nyonga na goti la bandia tangu mwaka 2005. Kwa mivunjiko, Morogoro ingehitaji safu tatu tu katika rejista ya wodi: tarehe ya kuumia, tarehe ya kufika hospitali inayoweza kupasua, na tarehe ya kupasuliwa. Bodi ya hospitali ikiletewa wastani wa mapengo hayo kila robo mwaka, haitahitaji mshauri wa kuiambia fedha ziende wapi. Pengo kubwa likiwa kati ya tarehe ya kwanza na ya pili, tatizo liko barabarani, na mfumo wa m-mama, ambao kwa simu ya bure 115 huwatafutia wajawazito na watoto wachanga usafiri wa dharura mpaka vijijini, unaweza kupanuliwa umbebe na aliyevunjika paja. Likiwa kati ya ya pili na ya tatu, tatizo liko mezani na stoo, na gari la wagonjwa la nne halitasaidia kitu.